Vidokezo 11 vya Kula kwa Raha Kwenye Taverna ya Kigiriki

Safari ya Athens imeiva? Au meli imetia nanga Piraeus na una jioni moja tu ya kushuka? Safi sana. Basi usijifungie kwenye mgahawa wa hoteli. Tafuta taverna: meza za mbao zinazoyumba kidogo, viti vilivyosukwa kwa nyasi, karatasi kubwa iliyobanwa mezani kwa vibanio isichukuliwe na upepo, na harufu ya limau, oregano na nyama ya mkaa inayokufuata hadi barabarani. Ni mahali pa kelele na pa kukaa muda mrefu, bei zake zinavumilika, na mgeni anayejua mambo mawili matatu hutunzwa kama mkwe. Haya hapa mambo mawili matatu. Sawa, ni 11, lakini mengine ni ya sekunde tu.

1. Chelewa kwa makusudi

Ukifika saa moja jioni utakula na viti vitupu, na mpishi huenda bado anamenya vitunguu. Wagiriki hula chakula cha mchana kati ya saa nane na saa kumi. Cha usiku wanaanza saa tatu, na wakati wa joto hata saa nne, tena wakiwa na watoto wao, na hakuna anayewafukuza wakalale. Ujanja ni huu: saa kumi na mbili jioni nunua koulouri barabarani, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, utulize tumbo. Saa tatu na nusu ingia taverna ukiwa na njaa ya heshima. Angalia pia kalenda. Jumapili mchana familia nzima nzima hujaa, kwa hiyo piga simu mapema uwekewe meza. Na karibu na 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, taverna nyingi za Athens hufungwa kwa sababu wenyewe wamekwenda vijijini kwao.

2. Anayekuvuta mkono, mpungie tu

Mitaa ya Plaka, chini ya kilima cha Akropoli, ina wapiga debe wake. Wanasimama mlangoni na menyu yenye picha za rangi, wanajua kusalimia kwa lugha nane, na watakuambia bibi yao ndiye anayepika. Huenda kweli. Lakini mahali penye chakula kizuri hapana shida ya kumbembeleza mpita njia. Tembea mitaa miwili zaidi, tafuta menyu fupi, tena ikiwa imeandikwa kwa mkono ndiyo bora, na wazee wawili wanaobishana siasa mezani. Hapo kaa.

Unataka kuona jinsi kutojitangaza kunavyoweza kufika mbali? Karibu na soko kuu la Varvakios, katikati ya Athens, kuna Diporto. Iko chini ya ardhi, unashuka ngazi, haina kibao nje, na haina menyu. Ipo tangu karne ya 19. Mapipa ya mvinyo yamepanga mstari ukutani, supu ya dengu inachemka kwenye sufuria, na meza ikijaa unaketishwa na watu usiowajua. Wateja wake wa siku zote ni wachuuzi wa soko, kwa hiyo nenda mchana.

3. Ingia jikoni, usione haya

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na ukikumbuka kimoja tu, kumbuka hiki. Menyu ya taverna ni orodha ya matumaini: imeandika vyakula 60, leo vimepikwa 12. Kwa hiyo iache mezani, simama, umwulize mwenye nyumba: "Ti ehete simera?" Mna nini leo? Kwenye taverna za kizamani atakuonyesha kwa kichwa njia ya jikoni, au atakupeleka kwenye kabati la kioo lenye masinia yaliyotoka kwenye oveni. Sasa kazi yako ni kunyoosha kidole. Kile. Na kile. Kile pale pembeni ni nini?

Utakutana na gemista, yaani nyanya na pilipili hoho zilizochimbwa ndani zikajazwa wali na majani yenye harufu, zikaokwa mpaka ngozi zikajikunja. Kuna fasolakia, maharage mabichi yaliyolala kwenye nyanya na mafuta ya zeituni hadi yakalegea kabisa. Kuna stifado, nyama iliyopikwa taratibu na vitunguu vidogo vizima vizima. Na bila shaka kuna moussaka, biringanya na nyama ya kusaga chini ya tabaka nene la sosi nyeupe. Watalii huiona moussaka kama chakula cha tangu enzi za Homer, kumbe lile tabaka jeupe ni la karne iliyopita tu. Aliyelisambaza ni mpishi Nikolaos Tselementes, aliyependa mno mapishi ya Kifaransa.

Mambo mawili ya kujua kabla hujalalamika. Kwanza, vyakula hivi hupikwa asubuhi na huliwa vikiwa vuguvugu. Hakuna aliyesahau kukupashia. Pili, mafuta yanayoelea juu si uzembe wa mpishi, ndiyo mchuzi wenyewe. Na kwa kuwa vimepikwa asubuhi, vifuate mchana. Usiku ni zamu ya mkaa.

4. Agiza kidogo, kisha ongeza

Mgeni hukosea palepale mwanzoni: kila mtu anajiagizia sahani yake, halafu meza inafurika na nusu inarudi jikoni. Kwenye taverna watu hawali hivyo. Sahani zote zinawekwa katikati, kila mtu na uma wake. Aliyekulia kwenye sinia hatapata tabu hata kidogo.

Kwa watu wanne anzeni hivi: saladi moja, vya kuchovya viwili (tzatziki ya mtindi na tango, na fava, dengu za njano zilizopondwa laini), halafu vya moto viwili, tuseme jibini ya kukaanga na kababu za maboga madogo. Kuleni. Pumueni. Ndipo mwite mhudumu mwagize nyama au samaki, sahani mbili tu. Kama bado mna nafasi, jiko halijahama. Na msishangae chipsi zikifika mwisho baada ya kila kitu: kinachoiva ndicho kinacholetwa, hakuna zamu.

5. Mkate haujaagizwa, lakini utalipiwa

Kikapu cha mkate kitatua mezani hata kabla hujakaa vizuri. Si zawadi. Ni kiasi kidogo kwa kila mtu, na kitaonekana kwenye bili. Huutaki? Sema mapema, uurudishe bila kuugusa. Lakini ushauri wangu ni uuache, na sababu iko hapo chini.

6. Saladi isiyo na jani hata moja

Saladi ya kijijini, horiatiki, haina letusi. Ina nyanya zilizokatwa vipande vikubwa, tango, kitunguu, pilipili hoho, zeituni, na juu yake kipande kizima cha feta kilichonyunyiziwa oregano na mafuta. Ukiletewa feta iliyokatwa vidonge vidogo kama sukari guru, ujue uko kwa watalii. Kivunje kipande hicho mwenyewe kwa uma, changanya, onja. Feta si jina la kuchezea: tangu 2002 Umoja wa Ulaya unalilinda, na inayostahili kuitwa hivyo hutengenezwa Ugiriki kwa maziwa ya kondoo, yakichanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30.

Saladi ikiisha, usimruhusu mtu aondoe bakuli! Chini kumebaki maji ya nyanya, mafuta, chumvi na makombo ya feta. Chukua ule mkate wa kidokezo cha tano, futa bakuli mpaka ling'ae. Wenyeji hufanya hivyo mbele ya wakwe zao, sembuse wewe.

Ukienda majira ya baridi, achana na nyanya, hazina ladha. Agiza horta, mboga za majani za porini zilizochemshwa na kukamuliwa limau. Mtu wa mchicha na mnafu atajisikia nyumbani.

7. Samaki: mwone, mpime, ndipo mkubaliane

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tutulie kidogo. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo. Ile bei unayoiona kwenye menyu ni ya kilo nzima, si ya sahani yako, na kilo ina njia nyingi za kukushtua bili ikifika. Fanya hivi, tena bila aibu: omba kuona samaki. Utapelekwa kwenye barafu walikolazwa. Chagua mmoja, omba apimwe mbele yako, uambiwe ni euro ngapi. Ukiridhika, aende mkaani. Hakuna atakayekuona bahili. Wenyeji wenyewe hawakubali kinyume chake. Jicho angavu na shavu jekundu, mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Tsipoura na lavraki, wale utakaowakuta kila mahali, mara nyingi ni wa kufugwa kwenye vizimba baharini, na bei yao ni ya kawaida. Wa kuvuliwa baharini ni ghali zaidi, tena sana. Kama mfuko hauna nguvu, kuna njia tamu kuliko zote mbili: gavros, ndugu zao dagaa mchele, au sardini. Hawa huuzwa kwa sahani, bei ni moja, wanakaangwa wakakauka, na gavros unamla kuanzia kichwa hadi mkia kwa vidole. Kamua limau, sogeza sahani karibu na wewe, jifanye huwasikii wenzako.

Soma pia herufi ndogo. Taverna inatakiwa kuonyesha kwenye menyu kitu kilichotoka kwenye friza, mara nyingi utaona nyota au ufupisho "kat." mbele ya jina. Ngisi ndio huangukia huko zaidi. Si dhambi, ngisi wa friza aliyekaangwa vizuri analika, ila usimlipie bei ya aliyevuliwa alfajiri.

Na pweza? Visiwani utamkuta ananing'inia kwenye kamba nje ya mlango, mikono minane chini, anakaushwa na jua na upepo. Kabla ya hapo mvuvi amempigiza kwenye mwamba mara kadhaa ili alainike, kazi ambayo akina mama wa Unguja na Pemba wanaijua vizuri. Tofauti iko jikoni. Supu ya pweza usiitegemee hapa. Wa kwako ataletwa mkono mmoja uliochomwa mkaani, kingo zimeungua kidogo, ndani mweupe, akiwa na siki au limau na mafuta. Katakata vipande vidogo, tafuna polepole. Ni chakula cha mazungumzo, si cha kushibia.

Jambo la mwisho kuhusu samaki: paka watakuja. Watakaa chini ya meza wakikutazama kama wadai. Ukimpa mmoja umewaalika watano, na usimlishe kwa mkono, makucha hayana salamu.

8. Kama huli nguruwe, beba maneno matano

Nguruwe yuko kila mahali kwenye mkaa wa Kigiriki, na hajitambulishi. Souvlaki, yaani mishikaki, kama haijaandikwa vinginevyo, mara nyingi ni yeye. Kababu za nyama, keftedes, zinaweza kuwa mchanganyiko wa nyama mbili. Soseji za loukaniko, karibu hakika. Maneno ya kubeba mfukoni ni haya: hirino ni nguruwe, arni ni kondoo, katsiki ni mbuzi, moschari ni ng'ombe au ndama, kotopoulo ni kuku. Onyesha sahani, uliza "hirino?", subiri jibu. Kwa asiyetumia kileo kabisa, uliza pia kuhusu mvinyo kwenye mchuzi, maana stifado na pweza wa kupikwa sufuriani hupenda kumwagiwa. Kwa anayetafuta halali, nyama ya mbuzi peke yake haijibu swali la mchinjaji. Samaki na mboga ndiyo njia nyepesi.

Na hapa kuna neno la dhahabu: nistisima, vyakula vya mfungo. Kanisa la Orthodoksi lina vipindi virefu vya kufunga nyama, maziwa na mayai: Kwaresima, siku 40 kabla ya Krismasi, na wiki mbili za mwanzo wa Agosti. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Bukoba hawahitaji kuelezwa. Matokeo yake ni kwamba kila mpishi wa kijijini anajua kupika bila hivyo vyote. Litamke tu hilo neno, utaletewa maharage makubwa ya gigantes yaliyookwa na nyanya, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, fava na mboga. Ila tahadhari kwa asiyekula kiumbe chochote: pweza, ngisi na kamba wanaruhusiwa wakati wa mfungo, kwa hiyo wanaweza kujitokeza.

9. Mvinyo kwa kilo, maji kwa busara

Ndiyo, kwa kilo. Mvinyo wa nyumba hutolewa kwenye pipa na kuletwa kwa jagi la bati: miso kilo ni nusu, tetarto ni robo. Anza na robo. Ukipewa retsina, usidhani kimeharibika kitu. Hutiwa utomvu wa msonobari, na harufu yake ama utaipenda ama utamwachia jirani. Ouzo ni kali, ina harufu ya kukaribiana na shamari, na ukiitia maji hugeuka nyeupe kabisa. Si mazingaombwe, ni mafuta ya mbegu inayoipa harufu hiyo, yanayokataa kuchanganyika na maji. Haimiminwi kwenye tumbo tupu: kijiko cha hiki, kipande cha kile, funda dogo.

Hunywi? Huna haja ya kujieleza. Mkono kifuani, tabasamu, "ohi, efharisto" (hapana, asante), imekwisha. Fanya hivyohivyo mwishoni, hasa Krete, watakapokuletea raki ya bure kwenye vichupa vidogo. Maji ya bomba Athens yananyweka, omba jagi. Visiwani mara nyingi utaletewa chupa, nayo hulipiwa.

10. Kichwa juu maana yake hapana

Umemwuliza mhudumu kama pweza yupo. Amenyanyua nyusi, akarusha kidevu juu kidogo, labda na kimlio cha ulimi. Hajakudharau. Amesema hayupo. Na akikuambia "ne", hiyo ni ndiyo, usiondoke.

11. Bili haiji, inaitwa

Unaweza kukaa hadi saa saba usiku na hakuna atakayekutupia jicho. Meza ni yako usiku kucha, na kuleta bili bila kuombwa kwao ni kumfukuza mgeni. Kwa hiyo usinune ukisubiri, ita: "Ton logariasmo, parakalo." Kisha isome. Mkate umo? Chupa za maji ni ngapi? Uzito wa samaki ni ule mliokubaliana? Dai na risiti halali. Kwenye menyu nyingi utaona sentensi, mara nyingi hata kwa Kiingereza, kwamba mteja halazimiki kulipa kama hajapewa. Bahashishi si vita: zungusha hesabu iwe kamili, au acha kati ya asilimia 5 na 10 mezani. Vijijini beba noti ndogo, mashine ya kadi ina siku zake za kugoma.

Kama umealikwa na Mgiriki, sahau kuchangia. Ukitoa pochi utaanzisha ugomvi wa mapenzi mbele ya watu. Njia pekee ya kumshinda ni kujifanya unakwenda chooni katikati ya mlo, ukalipa kimyakimya kaunta. Lakini jiandae: huenda ukakuta ameshakutangulia tangu mlipoingia.

Na usiagize kitindamlo kabla ya bili. Mara nyingi kitu kitamu hufuatana nayo bila malipo: tikiti maji wakati wa joto, halua ya semolina, au mtindi mzito wenye asali juu. Ikipita kavu, usikate tamaa, tafuta duka la keki lililo jirani, zaharoplastio, maana mengi hubaki wazi usiku. Omba galaktoboureko, kastadi ya semolina iliyofunikwa kwa manda nyembamba na kulowekwa shira. Uliza tu kama ni ya leo, kwa sababu ya jana manda zake za juu huwa zimeshalegea.